Mkono Uliokwama Katikati

Binti yangu alikuwa mtoto wa kelele. Aliniita kutoka kisimani, aliniita kutoka kwa jirani, aliniita kutoka juu ya mpera, na kila mara aliita kana kwamba nyumba inaungua. "Mamaa!" Mimi nipo mbele ya karai la mafuta, nakaanga maandazi ya kupeleka kwenye karasha la mawe, uso umetota jasho, na yeye anataka tu nikamwone konokono. Nilikuwa namjibu bila kuinua kichwa: "Nini tena wewe?" Kama kuna mtu aliyetamani kimya katika Nyakunguru nzima, basi ni mimi.

Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Tulikaa naye hospitali hadi wauguzi wakazoea kunituma chai. Akapona, tukarudi nyumbani, na watu wa kanisani wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Katikati ya nyimbo nikamwona ameketi anatazama midomo yao ikifunguka na kufungwa, amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nikachukua sufuria nikaipiga kwa mwiko nyuma ya kisogo chake. Hakugeuka. Nikapiga tena, kwa nguvu. Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja, mimi naendelea kupiga sufuria, mpaka mama mkwe wangu akaja akaninyang'anya mwiko.

Sauti yake ilibaki kwa muda. Aliendelea kuniita, lakini sauti isiyosikiwa na mwenyewe inaharibika polepole: ikawa nene, ikawa bapa, mwishowe ikawa mlio tu usio na neno ndani yake. Watoto wa jirani wakacheka. Yeye hakuwasikia, ila aliwaona. Siku yenyewe aliyoacha kuniita siijui. Nilikuja kushtuka tu kwamba ni muda sasa sijaitwa, na kwamba akinitaka ananivuta sketi. Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta tangu hapo, kwa sababu watu walidhani nataka mtoto asome awe daktari. Nilitaka aniite tena. Kwa mdomo, kwa mkono, hata kwa mguu.

Shule ya watoto viziwi ipo, lakini iko mkoa mwingine. Tulikwenda kumwandikisha, na mwalimu mmoja wa kike akatuwekea masomo ya lugha ya alama kwenye flashi. "Mama, mtoto akija huku hana hata neno moja mkononi, anateseka," akaniambia. "Mfundisheni kabla shule haijafunguliwa. Na nyinyi mjifunze, la sivyo atawaona wageni." Nilipojaribu kumwiga alama moja, akanishika kifundo cha mkono. "Usiangalie mkono umefika wapi tu. Angalia unavyokwenda. Alama ni mwendo." Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa.

Simu yangu ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea. Ile ya kioo kikubwa alikuwa nayo mume wangu, anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na lango la Ikoma na anarudi nyumbani wakipenda kumpa ruhusa. Ila kompyuta tulikuwa nayo. Ofisi yao ilipoletewa mashine mpya, ile ya zamani akapewa yeye. Ilikuwa ya mezani: kioo, kibodi, na kasha zito lenye matundu juu na ubavuni. Ilipoteremshwa kwenye gari, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliizunguka huku mikono iko nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Sasa hii kitu itakaa uchi hivi?" akauliza.

Kwake hakuna kitu cha maana kinachokaa bila kitambaa. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, Biblia yake ina gauni. Na haikuwa urembo mtupu. Nyuma ya nyumba yetu kuna makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, yananguruma mchana kutwa, na vumbi lake jeupe linaingia hadi ndani ya kopo la chumvi. Mama akapima kasha kwa uzi, akakaa barazani na sindano yake, akashona gauni zito la kufuma lenye maua mekundu. Kwa ndani akatia nailoni nene, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, akaacha upenyo wa nyaya peke yake. Alilivisha lile kasha akalinyoosha pindo. "Vumbi itabaki kule nje. Mjukuu yangu asome." Mwanamke huyu alikuwa amelia kwa siri tangu hospitali, na hicho ndicho alichoweza kumfanyia mtoto. Nililipenda lile gauni. Wageni walilisifu.

Kioo tulikivua kitambaa chake wakati wa kutazama. Kasha tuliliacha na gauni lake, maana kasha halina kitu cha kutazamwa.

Siku ya kwanza tulikaa watatu mbele ya kioo alasiri, mikono tumenawa kama tunakwenda kula. Mwalimu wa kwenye video alikuwa kijana mwenye shati jeusi, na pembeni sauti ya mwanamke ilieleza kila alama. Salamu zilikwenda vizuri. Habari, shikamoo, marahaba, asante. Binti yangu alitoa macho. Mikono yake ikaanza kwenda peke yake, na mama mkwe wangu akaanza kucheka kwa furaha, naye huwa hachekagi ovyo.

Tukafika somo la familia, na video ikaanza kukwama.

Mkono wa yule kijana ulipanda kutoka begani, ukasimama hewani. Ukakaa. Mara ukawa umeshafika shavuni, na katikati hatukuona kitu. Ukashuka kidogo, ukaganda tena. Lakini sauti ya mwanamke iliendelea bila kukwaruza hata kidogo: hii ni alama ya mama, tazama mkono unavyopita, rudia pamoja nami. Mkono haukupita popote. Ilikuwa picha baada ya picha, mkono uko hapa, mkono uko kule, na ule mwendo ambao mwalimu aliniambia ndio neno lenyewe ulikuwa umeliwa.

Jirani mmoja alipita kuazima ungo, akasimama mlangoni akasikiliza. "Mbona inaongea vizuri tu?" akasema.

"Inaongea vizuri, ndiyo," nikamjibu. "Inaongea na nani?"

Nikampigia mume wangu. "Umeizima ukaiwasha?" akauliza. Nimeizima, nimeiwasha. Ikacheza salamu vizuri, ikafika familia ikakwama. Nikajaribu kurukia familia moja kwa moja, mashine yote ikaganda mpaka nikaichomoa ukutani. Akaniambia nihamishe masomo kutoka kwenye flashi niyaweke ndani ya kompyuta yenyewe, huenda flashi ndiyo nzito. Nikahamisha. Yakakwama humo humo ndani. Akaniambia kuna programu nyingine ya kuchezea video, nifungulie kwa hiyo. Nikafungua. Ikakwama kwa mtindo mwingine: sasa uso wa kijana ukawa unabaki nyuma na mikono inatangulia. Akaniambia nifute vitu vyote visivyo na kazi. Nikafuta michezo, nikafuta picha za wageni wa hotelini waliopiga picha na twiga, nikafuta vitu nisivyovijua hata majina, kwa hasira, kama mtu anayefyeka.

"Sasa je?" akauliza.

"Sasa imekuwa tupu na bado inakwama."

Nikatazama sakafu, simu iko sikioni. Nilijua na yeye amesimama mahali anatazama chini.

Nikalaumu umeme. Mota za karasha zikiwaka, taa zetu zinafifia, kila mtu huku anajua. Nikasubiri Jumapili, makarasha yamelala, kijiji kimetulia mpaka unasikia kuku wa jirani akitaga, nikawasha. Salamu vizuri. Familia, ikakwama. Nikaazima stabilaiza ya mwenye saluni, ile ya kunyoosha umeme. Ikakwama kwa umeme ulionyooka.

Kibaya zaidi ni kwamba mtoto alikuwa anajifunza. Anajifunza kile anachokiona. Alama ya mama aliiga hivi: anainua mkono kutoka begani, anausimamisha hewani, anasubiri, macho yamemtoka, halafu anaurusha shavuni kama anafukuza nzi. Aliiga na kukwama kwenyewe. Mara ya kwanza nilicheka, ikabidi nitoke nje. Wala hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anarudisha kilichotoka kwenye kioo, uso wake umeelekea kwenye kioo. Akimaliza hapo, akitaka maji, ananivuta sketi.

Basi mtoto wangu akawa na salamu tu. Alimsalimu kila mzee aliyepita barabarani, shikamoo ya mkono, safi, bila kasoro, na wazee wakafurahi wakampungia. Baada ya salamu, hana la kuwaambia. Anasimama, mikono inashuka.

Nikaibeba ile mashine hadi Sirari. Nililivua kasha gauni lake nikaliacha kitandani lisichafuke njiani, nikalifunga kasha kwenye khanga, nikalipakata safari nzima. Kuna fundi pale karibu na mpaka, kijana aliyekulia upande wa Kenya, ana meza imejaa matumbo ya kompyuta za watu. Akaichomeka ikiwa vilevile, akaweka filamu yake ya ngumi. Ngumi zikaenda kama kawaida. Nikamwambia aweke flashi yangu. Akaweka. Salamu zikaenda, na zikaendelea kwenda, na kabla hatujafika familia akaichomoa kwa sababu kuna mteja mwingine anamsubiri.

"Mathe, hii mashine haina shida," akasema. "Si unaona vile inacheza poa?"

"Nyumbani haichezi hivyo."

"Labda huko kwenu kuna vumbi mob. Vumbi inaingianga ndani."

"Vumbi haligusi," nikamwambia, na nilisema kwa majivuno. "Imefunikwa. Mama mkwe wangu ameishonea nguo."

"Hapo sawa. Watu wengi hawatunzangi mashine." Akaniwekea mfumo upya kwa kuwa nilikataa kuondoka bila kufanyiwa kitu, akanirudishia kasha langu.

Nilirudi na furaha ya kijinga. Nililiweka mezani, mama akalivisha gauni, akanyoosha pindo, tukanawa mikono, tukakaa. Salamu. Familia. Mkono ukasimama hewani.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kitu kinachokwama kila mahali ni kibovu, unakitupa. Kinachocheza Sirari na kukwama kwangu tu, hicho kina maana gani? Mama mkwe wangu alikuwa na jibu lake. "Mkamwana, hii si mashine," akasema kwa sauti ya chini, ingawa mtoto asingesikia. "Ni hii nyumba. Masikio yake yaliisha hapa hapa, sasa na mikono wanaizuia." Alitaka tumwite mzee fulani wa ukoo aje aangalie. Watu wa kanisani wakaja kuomba, wakaiwekea mikono kompyuta juu ya gauni lake la maua. Mimi sikuwa na imani ya kutosha upande wowote, lakini niliitikia amina kwa nguvu, na kama yule mzee wa ukoo angekuja siku ile ningemkaribisha na chai.

Wakati huo shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na mtoto alikuwa amegundua kitu kipya. Kwa kuwa hasikii, alikuwa anashika. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma karasha likinguruma, aliweka shavu kwenye koo la mbuzi, aliikumbatia redio ya bibi yake. Na kila tukikaa kutazama, baada ya muda anaacha kioo, anaenda kwenye kasha, anaingiza mkono chini ya gauni, kisha analivuta lote linadondoka sakafuni. Mama mkwe wangu analiokota, anakung'uta, analirudisha. Mtoto anavuta tena. Wakashindana hivyo kila alasiri, bibi na mjukuu, bila neno. Tuliona ni utundu wa mtoto aliyechoka kukaa.

"Alikuwa anaongea na mimi Kikurya safi," mama aliniambia siku moja, gauni liko mapajani mwake, anashona pindo lililochanika katika vita hivyo. "Kuliko wewe. Sasa ananivutia nguo tu."

Siku iliyonivunja ilikuwa siku ya kawaida. Maandazi yalikuwa yamebaki kwa sababu watu wa karasha hawakupata mawe. Nikarudi, nikawasha, nikamwita mtoto kwa kumpungia. Hakuja. Nikamfuata, nikamshika bega, nikamkalisha. Salamu zikaenda, naye hakuinua mkono. Familia ikafika. Mkono wa kijana ukapanda, ukasimama, na yule mwanamke asiyeonekana akaendelea na sauti yake tamu: rudia pamoja nami, rudia pamoja nami.

Nilipiga kelele. Niliitukana kompyuta, nikamtukana yule mwanamke, nikaitukana hoteli na Ikoma yote na twiga wake. Nilisema nitaitupa shimoni kwa wachimbaji waikute huko chini waisage. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ananitazama mdomo. Alikuwa anauona unafunguka na kufungwa, umejaa mate, na hajui unasema nini wala unamsema nani. Halafu akafumba macho.

Mtoto anayesikia akifumba macho bado unaweza kumwita. Wangu alipofumba macho alikuwa amefunga kila kitu. Nilimgusa shavu, akayakaza zaidi. Nikasema jina lake. Nikasema samahani. Niliongea na mtoto ambaye sikuwa na mlango wowote wa kumfikia, na nilikaa sakafuni chini ya ile meza nikalia kwa sauti, hovyo, kwa kuwa hakukuwa na wa kumficha.

Sijui ni baada ya muda gani. Nilihisi mkono mdogo umeshika wangu. Alikuwa amefumbua macho, amechuchumaa mbele yangu, uso wake umekasirika kama wa mtu mzima anayerudia jambo kwa mara ya mwisho. Akauvuta mkono wangu juu, akaupitisha chini ya pindo la maua mekundu, akaukandamiza kwenye kasha.

Nikauchomoa kwa nguvu. Lilikuwa linaunguza.

Mimi ni muuza maandazi. Kila asubuhi napanga maandazi kwenye ndoo, natandika nailoni juu, nafunga kitambaa kizito, nakaza, na saa sita mchana nikimfungulia mteja wa mwisho, bado yanatoa mvuke. Hiyo ndiyo kazi yangu, hiyo ndiyo sifa yangu pale karasha, mama yule maandazi yake hayapoi. Na tulikuwa tumeifunga kompyuta kama ndoo ya maandazi, tena kwa ustadi, halafu tunaiomba ifikiri. Ilikuwa inaanza vizuri ikiwa ya baridi, inachemka, inaishiwa nguvu. Kule Sirari ilicheza kwa sababu ilikuwa uchi.

Nililivua gauni. Nailoni ilikuwa imelainika imeanza kunata kwenye matundu, na harufu yake ilikuwa ya mfuko wa mbolea uliosahaulika juani. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akaweka kiganja chake juu ya bati, akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza mimi.

"Na mimi nilidhani namsaidia," akasema.

Akaenda jikoni akarudi na ungo, akaanza kuipepea ile kompyuta kama mtu anayepepea ulezi. Nikaizima, tukasubiri, naye anapepea. Nikaiwasha. Salamu. Familia. Mkono wa yule kijana ukapanda kutoka begani, ukapita hewani, ukafika shavuni, ukashuka, wote, toka mwanzo hadi mwisho, mwendo mmoja mwepesi kama kufuta unga shavuni. Hilo ndilo lilikuwa neno. Binti yangu akasimama akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akanigeukia na kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kana kwamba siku zote mimi ndiye niliyekuwa namficha neno hilo.

Tulitazama kila siku baada ya hapo, kasha likiwa uchi. Vumbi la karasha likaingia kweli, na mama mkwe wangu akawa analipuliza kwa pampu ya baiskeli, anaingiza mpira kwenye matundu na kusukuma mpaka anakohoa. Gauni alilifumua, akatoa nailoni, akalifanya foronya ya kwenda nayo shuleni. Mtoto akapata maneno. Maji, mbuzi, moto, bibi, sitaki. Sitaki alilipenda sana. Bibi yake alimwita kwa mkono, na bibi akalia, akamjibu kwa mkono mzito usiokunjika vizuri.

Mimi aliendelea kunivuta sketi.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mashine imepona, mtoto anaongea, kila mtu anafurahi, mume wangu kule Ikoma anawaambia wenzake, na mimi namwonea wivu mbuzi kwa sababu mbuzi ameitwa. Nilijaribu kuificha sketi. Nilivaa suruali ya mume wangu shambani ili asiwe na cha kuvuta. Akavuta suruali.

Tukampeleka shule na foronya yake. Mwalimu yule yule alitupokea, akamjaribu kwa mikono, na binti yangu akamjibu maneno mengi mfululizo mpaka mwalimu akanitazama akatabasamu. Watoto walikuwa uwanjani, wengi, mikono inaruka, na hakukuwa na kelele ila vumbi na miguu. Akamezwa na hao watoto. Mwalimu akaniambia afadhali niondoke sasa, kuaga kukirefuka ndiko kunaleta kilio. Nikaondoka. Niliinama nikatembea kuelekea geti, natazama viatu vyangu, kwa sababu nilijua nikigeuka sitaweza.

Nilifika getini nikageuka.

Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, ananitazama. Mkono wake ulipanda kutoka begani, ukasimama hewani. Ukakaa pale, macho yamemtoka. Kisha ukaenda shavuni. Mwalimu alikuwa kando yake, akamshika mkono kwa upole, akamwonyesha inavyopaswa, mwendo mmoja bila kusimama. Binti yangu akatikisa kichwa. Akauchomoa mkono wake, akaanza upya kwa namna yetu, begani, hewani, akasubiri, shavuni. Hakuwa anaiga kioo. Hapakuwa na kioo pale. Alikuwa ananiita mimi, kwa jina kama lilivyokuwa nyumbani.

Sijui alikuwa ameniita mara ngapi mgongoni kabla sijageuka. Hilo ndilo ninalolifikiria mpaka leo nikiwa mbele ya karai, na kila akija likizo situlii, nainua kichwa kila dakika. Lakini pale getini niliuona mkono mpaka ulipomaliza, na midomo yangu ikamjibu yenyewe kwa mazoea, kwa sauti ambayo hakuisikia.

"Nini tena wewe?"